Uwanja Uliopinduka Ukutani kwa Bibi Limi

Sisi tuliokua kabla nguzo za umeme hazijafika kijijini kwetu, mwendo wa baiskeli kutoka Kolandoto, televisheni yetu ilikuwa ukuta. Nikiwaambia hivyo vijana wa leo wanatazamana, wanadhani mama mtu mzima ameanza kuchanganyikiwa. Lakini wenzangu wa rika langu, mliolelewa kwenye nyumba za matofali mabichi zenye madirisha ya ubao, huenda mmeanza kutabasamu.

Chumba cha Bibi Limi, mama mzazi wa baba yangu, kilitazama mashariki, kwenye uwanja wa kuanikia nafaka. Dirisha lake lilikuwa ubao mmoja mzito, na kifundo kimoja cha ubao huo kilikuwa kimekauka kikadondoka, kikaacha tundu dogo kama punje ya hindi. Ukuta uliolikabili dirisha Bibi aliusiriba kwa udongo mweupe. Kila baada ya mavuno aliurudia, akiulainisha kwa kiganja mpaka ukawa mwororo kama ndani ya kibuyu, maana alisema mwanamke hujulikana kwa ukuta wake.

Jua likishapita utosini na kuanza kushukia nyuma ya nyumba, likaumulika uwanja wote, ulikuwa ukifunga mlango na kutulia kidogo mpaka macho yazoee giza, uwanja unaingia ndani. Uliingia kichwa chini. Mbingu ilikaa sakafuni, ya bluu iliyofifia, na ardhi ilikuwa huko juu karibu na mabati. Ng'ombe walipita taratibu, kwato juu, nundu zinaning'inia. Mama akipeta mtama, makapi hayakuanguka, yalipanda. Moshi wa jikoni ulishuka chini polepole kama maji yanayotafuta bonde. Sauti zilitoka dirishani na picha ilikuwa ukutani, kwa hiyo ulimsikia jogoo nyuma yako huku unamwona mbele yako amesimama kwa kilemba chake.

Nilikuwa nikipatwa na homa nalazwa kwenye kitanda cha kamba humo ndani, nimefunikwa blanketi la Bibi linalonuka moshi na maziwa. Nikawa natazama ukuta hadi nalala, na hata usingizini uwanja uliendelea kupita. Sijui tena ni yapi niliyaona na ni yapi niliyaota. Nakumbuka mbuzi mweupe aliyetembea juu ya anga akila majani, na kitenge chekundu cha Mama kilichopepea kamba ya kuanikia ikiwa chini yake. Nikimuuliza Bibi kwa nini kila kitu kimepinduka, alinijibu kwamba jua linatoka mbali kuja kutusalimia, likipenya tundu dogo hivyo linajikwaa na kuanguka kichwa chini. Niliridhika kabisa. Nilidhani kila nyumba ina ukuta wa namna hiyo.

Na kwa kweli hatukuwa na shida ya vitu vya kutazama. Tulijaza maji mdomoni, tukalipa jua kisogo, tukayapuliza kwa nguvu, na upinde wa mvua ulijitokeza mbele ya pua zetu, mdogo, wa kwetu wenyewe, kisha ukatoweka kabla hujauonyesha kidole. Tulikuwa na vipande vya vioo vilivyovunjika, tukapelekeana mwanga kutoka jiwe moja kubwa hadi jingine wakati wa kuchunga, na aliyemulikwa machoni alikuwa ameshindwa. Betri za redio zikichoka tulizianika juani juu ya bati pamoja na michembe, vile vipande vya viazi vitamu vya kukausha, na jioni kweli redio iliongea tena, kwa sauti ya mgonjwa aliyepata nafuu. Waya wa redio hiyo tuliurusha juu ya paa. Mama alikuwa akisema, "Shika waya hapo hapo, usihame, taarifa ya habari bado haijaisha," nami nilisimama nimeshika waya kama mlingoti, habari za ulimwengu zinapita mwilini mwangu. Leo mtandao ukikatika kidogo wajukuu zangu wanalalamika kana kwamba wamefiwa. Nao hawajawahi kuwa antena.

Wingu likitanda upande wa Mwadui na radi ikaanza kunguruma, kila aliyevaa nyekundu alivua, na kioo cha ukutani kilifunikwa kwa kanga. Radi inapenda nyekundu na inapenda kujitazama, tuliambiwa. Basi tulijikunyata gizani tukitafuna michembe, tukihesabu umbali kati ya mwanga na mngurumo, na Bibi akituhakikishia kwamba imepita, imekwenda kwa wengine.

Bibi Limi alikuwa na jina la jua, maana kwa Kisukuma limi ndilo jua. Alikuwa pia na macho mekundu. Huko kwetu miti ilikuwa imeadimika, akina mama walipikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na moshi wake unachoma kama pilipili. Bibi alikuwa amepika katika moshi huo tangu alipokuwa mwali. Ukimtazama ulidhani ametoka kulia sasa hivi, hata akiwa anacheka. Sisi wajukuu hatukuyaona kama macho mekundu, tuliyaona ni macho ya Bibi.

Jiko lake halikuzimika. Alfajiri wanawake wa jirani walikuja na vigae vya vyungu kuomba kaa la moto, kwa sababu kiberiti kilikuwa cha kuhesabia. Wa kwanza siku zote alikuwa Mama Masanja, jirani yetu wa ng'ambo ya shamba la pamba. Ulisikia salamu ya asubuhi, "Mwangaluka, mayu," kabla hujafumbua macho, kisha kicheko, kisha nyayo zikiondoka haraka kabla kaa halijafa. Baba alikuwa Geita kwenye maduara ya wachimbaji, akisubiri shimo liteme dhahabu. Nyumba ilikuwa ya wanawake na watoto. Kuja kwa majirani asubuhi ndiko kulikotufanya tusijione wapweke.

Mchana mmoja Mama Masanja alikuja kuazima ungo. Alimwacha mwanawe Masanja uwanjani, kitoto kidogo chenye shati la njano, akiwa amemshikisha kamba ya mbuzi. Bibi alimwambia aingie chumbani auchukue ungo mwenyewe. Aliingia, upepo ukausukuma mlango ukafunga. Alipogeuka kuutafuta mlango, alimwona mwanawe ukutani. Shati la njano, miguu juu, kichwa kinaning'inia, na kamba ya mbuzi mkononi.

Hakupiga kelele. Alitoka, akamshika mtoto mkono, akaondoka bila ungo na bila kuaga. Mbuzi alibaki akishangaa.

Wiki hiyo hiyo Masanja akaanza kukohoa na kuwaka homa. Mnajua jinsi mambo yanavyokwenda kijijini. Lilianza kama mnong'ono kisimani, likafika mnadani likiwa hadithi kamili. Limi mwenye macho mekundu anawatundika watoto wa watu kichwa chini chumbani mwake, na wewe ukidhani mtoto wako unaye nyumbani, kumbe ulichobaki nacho ni ganda tu. Alfajiri iliyofuata hakuja mtu kuomba moto. Wala iliyofuata hiyo. Mama alisimama mlangoni akitazama moshi wa nyumba za wenzetu ukipanda. Walikuwa wanakwenda kuomba moto mbali, wakiizunguka nyumba yetu kama watu wanaokwepa nyoka.

Kisha salamu zikakatika. Kisha wazee wakatangaza mkutano, na neno la kutengwa likaanza kutajwa. Aliyetengwa kwetu hapewi moto, hapewi maji, hasalimiwi, hata akifiwa anazika mwenyewe. Na kutengwa kulikuwa ndilo jambo dogo. Tulikuwa tumesikia kuhusu bibi wa vijiji vingine, wenye macho kama ya bibi yetu, waliokutwa asubuhi mapanga yameshapita. Mama alianza kulala mlangoni kwa Bibi akiwa na jembe pembeni. Sikuwahi kumwona mama yangu akiogopa, na tangu niliposhuhudia hofu yake chakula kilinikataa.

Mama alikanda udongo akataka kuliziba lile tundu. Bibi alimzuia mkono.

"Ukiliziba," alisema, "watasema tumewazika humo humo."

Udongo ulikaukia kwenye karai.

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa sayansi, Mwalimu Salome, binti wa Ushirombo aliyevaa rozari shingoni na kuendesha baiskeli ya kiume bila haya. Masanja alipozidiwa, ni yeye aliyempakia na mama yake hadi hospitali Kolandoto. Kule mtoto alipigwa picha ya kifua, akaonekana ana ugonjwa wa mapafu, akaanza sindano. Mama Masanja alirudi akisimulia jinsi daktari alivyoinua karatasi nyeusi dirishani na kumwonyesha mbavu za mwanawe, nyeupe, zimepangika kama vyuma vya tenga la baiskeli. Watu walishangaa, wakashukuru. Hakuna aliyesema daktari ni mchawi.

Siku chache kabla ya mkutano, Mwalimu Salome alitutoa nje ya darasa. Alifunga kamba ya ng'ombe kwenye mlingoti wa bendera, akaitikisa polepole, na wimbi pana, la kivivu, likatambaa hadi mwisho. Mawimbi haya, alisema, ni kama yale ya redio, marefu, yanavuka milima. Akatikisa haraka zaidi, mawimbi yakasogeleana. Hapa ndipo joto la moto unalolihisi bila kuliona. Haraka zaidi kidogo, ndipo nuru, kuanzia nyekundu hadi zambarau. Haraka kupita hapo kuna mionzi ya jua inayobabua ngozi, na haraka mno, mpaka mkono wake haukuonekana, ni eksirei iliyoona mbavu za Masanja. Kamba ni ile ile, alisema, mkono tu ndio unabadilika. Darasani alichora mstari ubaoni kutoka ukuta hadi ukuta, akaweka kidole chake katikati. "Macho yetu yanaona hapa tu. Upana wa kidole. Mengine yote yanatupita na sisi tunasema hakuna kitu."

Kisha akatoa boksi la sabuni alilolitoboa tundu kwa msumari, upande wa pili amebandika karatasi iliyopakwa mafuta. Akajifunika kitenge kichwani pamoja na boksi lake, akatuita mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika niliuona mlingoti wa bendera, kichwa chini, na bendera ikipepea karibu na mbingu ya sakafuni. Nilianza kulia. Wenzangu walicheka, wakidhani nimeogopa giza. Nilimwambia mwalimu kwamba hiyo ipo nyumbani, ni kubwa, ipo ukutani kwa bibi yangu, na ndiyo wanayotaka kumtengea.

Mwalimu Salome aliliweka boksi chini, akanitazama. Sasa nimekuwa mtu mzima, nadhani naelewa alichokuwa anapima. Alikuwa mgeni, mwanamke, amepanga chumba kwa watu. Aliyemtetea mchawi kijijini alikuwa anaomba jina hilo hilo. Lakini mchana huo huo alikwenda kwa Mama Masanja, akakaa sana, na walipokuja nyumbani kwetu walikuja wote wawili. Mama Masanja alisimama mpakani mwa uwanja, hakutaka kuvuka.

Mwalimu alieleza kwa upole. Nuru haina miguu ya kukata kona, alisema, inakwenda moja kwa moja. Inayotoka kichwani kwako ikipita tunduni inaendelea kushuka, inayotoka miguuni inaendelea kupanda, zinapishana pale kama ng'ombe wa pande mbili mlangoni mwa zizi, kila mmoja akashika njia yake. Akamkumbusha picha ya Kolandoto. Mbavu za mwanao ulizitazama dirishani, alimwambia, hukukimbia.

"Pale palikuwa na daktari," Mama Masanja alijibu. Aliongea akitazama chini.

Hapo Bibi Limi, aliyekuwa ameketi kizingitini, aliinuka akishikilia fimbo yake. Alisema maneno hayatakwisha. Alimtazama Mama Masanja kwa yale macho yake mekundu, na mwenzake hakuweza kuyakwepa.

"Wewe ingia ndani, ufunge mlango. Mimi nitatoka. Ukiniona nimetundikwa, uniambie nani amenitundika."

Sijui ni ujasiri gani ulimwingiza mwanamke yule. Labda ni kuona aibu, labda ni kumbukumbu ya makaa yote yale aliyopewa. Aliniita niingie naye, akanishika mkono hadi vidole vyangu vikafa ganzi. Tukafunga. Giza. Kisha, taratibu, kama mtu anayekumbuka jambo, ukuta ulianza kupata rangi. Mbingu ikatandikwa chini. Uwanja ukajitokeza juu, mtama mwekundu umeanikwa, kuku wanatembea.

Bibi aliingia kutoka pembeni. Kichwa chini, miguu juu, fimbo ikiigusa ardhi iliyo darini. Alitembea hadi katikati ya ukuta wake mweupe, akasimama, akainua mkono. Mama Masanja aliacha kupumua. Na Bibi, ambaye nilikuwa sijamwona akicheza tangu nizaliwe, aliinua fimbo begani kama jembe na kuanza bugobogobo, ile ngoma ya kulimia, akiirusha na kuidaka, akilima anga. Nje tulimsikia akijiimbia kwa sauti iliyokwaruza. Ukutani kanga yake ilipepea kuelekea darini. Alikuwa mdogo kama mdoli, na mzuri, na hakuna aliyekuwa amemfunga.

Nilihisi mkono wa Mama Masanja unatetemeka, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka akaegemea mlango, akafuta macho, akacheka tena, na mwishoni ndipo machozi yenyewe yalipokuja. Kisha alitoka, akataka naye asimame juani, na Bibi akaingia kumtazama. Tulimsikia Bibi kutoka ndani akimwambia kwamba hata kichwa chini bado hajajua kufunga kitenge. Kabla jua halijazama akina mama wa kijiji walikuwa wamepanga foleni uwanjani, kila mmoja anataka kusimama juani, wenzake wamsimulie alivyoning'inia.

Mkutano ulifanyika. Lakini mlalamikaji ndiye aliyesimama kumtetea mshtakiwa, na wazee wakahamia kwenye mambo ya lambo la mifugo. Mimi sikumbuki mkutano. Nakumbuka alfajiri ya baada ya ile ngoma, tukiwa bado tumelala, nyayo zikakaribia kupitia shamba la pamba, zikasita mlangoni.

"Mwangaluka, mayu. Naomba moto."

Kisha sauti ya Bibi, nzito kwa usingizi. "Moto upo, mwanangu. Ingia."

Mama aliyekuwa amelala kizingitini na jembe lake alijifunika uso kwa kanga. Mabega yake yalitikisika mpaka kukapambazuka.

Bibi Limi alifariki nikiwa sekondari. Baba alirudi kutoka Geita bila dhahabu ya kutosha ila na kikohozi cha kutosha, naye akamfuata. Nyumba ya matofali mabichi ilichoka, mvua ikaimalizia. Siku ya matanga ya Bibi tulitafuta picha yake ya kuweka juu ya meza, kama watu wanavyofanya, tukagundua kwamba haipo hata moja. Hakuwahi kupigwa picha maishani mwake. Picha zake zote zilikuwa pale ukutani, na kila moja ilidumu kwa muda aliosimama juani, basi.

Sasa naishi mjini Kahama. Nyumba ina madirisha ya vioo, feni, na taa zinazowaka hata mchana kwa sababu hakuna anayekumbuka kuzizima. Hakuna anayekuja kuomba moto. Kila jiko lina mtungi wake wa gesi, na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta namjua kwa muungurumo wa gari lake. Wajukuu wana simu zenye picha nyingi kuliko punje za ghala, za chakula, za viatu, za nyuso zao wenyewe midomo ikiwa imebinuliwa, na sijawahi kuwaona wakizitazama mara ya pili. Mawimbi yale ya kamba ya Mwalimu Salome yanawapitia usiku na mchana, yanabeba ngoma na vichekesho vya dunia nzima. Sisi yalituletea taarifa ya habari tu, tena kwa kushikiwa waya. Siwalaumu. Lakini huwa najiuliza watalala wakiota nini, wakiwa hawajawahi kutazama ukuta.

Likizo iliyopita umeme ulikatika mchana na simu zikaisha chaji. Nilichukua boksi la friji lililokuwa stoo, nikaziba nalo dirisha la chumba changu cha mashariki, nikalitoboa kwa bisibisi. Nikawaita. Wakubwa walitazama kidogo wakasema kumbe ni kamera, wakatoka. Akabaki Limi, mjukuu wangu mdogo, niliyempa jina la Bibi. Alikaa kitandani miguu ikining'inia, anatazama kamba ya nguo na paka wa jirani akipita kwenye dari ya dunia. Baada ya kitambo aliniuliza inarudishwaje nyuma, alikuwa anataka kumwona paka tena.

Nilimwambia hii hairudishwi nyuma. Hii, mtu akishapita, amepita.

Kisha akaniuliza kama mimi naweza kuingia humo.

Basi nilimwacha gizani, nikatoka uwanjani na ufagio, kwa kuwa fimbo sina. Jua la mchana lilinipiga mgongoni. Nilitafuta mahali pa kusimama, nikainua mkono, kisha nikauweka ufagio begani kama jembe. Magoti yangu si ya kuchezea tena, lakini nililima anga kidogo, kadiri nilivyoweza, na jirani akanichungulia juu ya ukuta wake kwa mara ya kwanza tangu tuhamie.

"Nakuona, bibi," Limi aliita kutoka ndani. "Usitoke."

Sikutoka. Nilisimama pale hadi kivuli cha nyumba kikanifikia miguuni.